Bakteria wa mtindi na chanjo ya kumeza

Sisi watu wa Tanga tumekulia kwenye mtindi, na bakteria wanaougandisha tumekuwa tukiwameza wakiwa hai miaka yote bila madhara. Mmoja wa bakteria wa aina hiyo, Lactococcus lactis, aliwahi kupandikizwa jeni ya kutengeneza kipande salama cha sumu ya pepopunda, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, panya waliolishwa bakteria huyo walipata kinga dhidi ya sumu yenyewe. Habari hii imenikaa moyoni, kwa kuwa kipindupindu na rota, virusi vinavyowaharisha watoto, huingilia mdomoni, na sindano ya begani kwa kawaida huamsha kinga ya damuni kuliko ile ya utumboni.

Chanjo za kumeza si ngeni kwetu. Nilipomsindikiza mdogo wangu kumchanja mwanawe, muuguzi alituonyesha kichupa cha matone ya polio chenye kimraba cheupe ndani ya duara la zambarau. Kimraba kikikolea rangi hadi kulingana na duara, chanjo imeshaharibiwa na joto na hutupwa. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selisiasi tangu bohari hadi kijijini, na anayeijua barabara ya Pangani wakati wa masika anaelewa uzito wa sharti hilo.

Ndiyo maana matumaini yangu yako zaidi kwa Bacillus subtilis, bakteria ambaye Wajapani humla katika soya iliyochachushwa. Akikosa chakula hujifungia ndani ya spora, gamba gumu linalostahimili ukavu, joto na asidi ya tumbo, na watafiti wamekwisha kufaulu kubandika vipande vya chanjo juu ya gamba hilo.

Ugumu upo. Utumbo umezoea kuvumilia vinavyoliwa, kwa hiyo dozi huwa kubwa na hurudiwa. Tena chanjo ya rota, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2013, hukinga watoto wa nchi tajiri vizuri zaidi kuliko wa nchi maskini, ambao matumbo yao huandamwa na maambukizi mara kwa mara. Kwa sababu hiyo ningependa spora hizi zijaribiwe mapema Bagamoyo, ambako Taasisi ya Afya Ifakara ilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya R21, kabla dozi haijapangwa kwa kipimo cha matumbo ya Wazungu.