Vitabu Tuliviacha, Mkaguzi Tukabadilisha

Mshauri wa kwanza, aliyelipwa vizuri tu, alishikilia jambo moja: kama kweli tunataka kuuza hisa New York, hesabu zote zigeuzwe zifuate kanuni za Marekani. Mimi, mhasibu mkuu wa kampuni yetu ya korosho huku Dar es Salaam, nikakesha nikibomoa tathmini mpya ya maghala, maana Wamarekani hawaruhusu kupandisha thamani ya jengo vitabuni. Ukiondoa akiba ya tathmini (ile thamani iliyopandishwa), kodi iliyoahirishwa, yaani ya kulipwa baadaye, inavurugika. Ukinyoosha kodi, uchakavu unagoma.

Kumbe kazi bure! Tangu mwishoni mwa 2007, SEC, msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani, inapokea hesabu za IFRS (kanuni za kimataifa za uhasibu) za kampuni za kigeni bila kuzilinganisha na kanuni zao. Sharti ziwe IFRS kama ilivyotolewa na IASB, bodi inayoziandika kanuni hizo, na maneno hayo yasomeke kwenye maelezo ya hesabu na kwenye ripoti ya mkaguzi. Sentensi moja tu, na mshauri hakuitaja. Tena alidai miaka mitatu ya hesabu, wakati kampuni inayochipukia, yenye mapato chini ya dola bilioni 1.235 kwa mwaka, inaingia na miwili.

Kizaazaa kilikuwa kwa mkaguzi. Mwanasheria wa upande wa Marekani alifungua faili letu la Eksel, akaangalia nani amelitengeneza, akakuta jina la kijana wa ofisi iliyotukagua. Huku kwetu ni kawaida, mkaguzi "anakusaidia" kupanga hesabu kisha anazisaini. Kwa SEC huyo si huru, na saini yake haina kazi. Miaka yote miwili ikakaguliwa upya na ofisi iliyosajiliwa PCAOB, bodi ya Marekani inayosimamia wakaguzi.

Wakaguzi hao wapya wakauliza: korosho za ghalani za mwaka juzi tutazihesabuje leo? Bosi akashika kichwa. Nikamfuata mlinzi getini: "Mzee wangu, shikamoo. Yale madaftari ya magari bado unayo?" Anayo yote, kwenye boksi chini ya kitanda. Tukahesabu mzigo uliopo mbele yao, halafu tukarudi nyuma gari kwa gari: lililotoka tunaongeza, lililoingia tunapunguza. Yakapungua magunia machache, mzee akasema ni panya. Wakaguzi walicheka, lakini namba waliikubali.

Bili ya ukaguzi huo ilikuwa kama mara nne ya ule wa zamani, kwa hiyo ulizia uhuru wa mkaguzi wako mapema. Yule mshauri bado anadai nusu ya malipo yake. Aendelee kudai.