Raha ya viputo vinavyochelewa

Katika fizikia yote ninayoisoma, hakuna kinachonishika kama nadharia ya Lisa Randall na Raman Sundrum ya mwaka 1999: dimensheni moja ya ziada, iliyopinda, imebanwa kati ya tando mbili, yaani kuta nyembamba ambazo moja yake ndiyo ulimwengu tunaouona. Mpindo huo ndio unaoeleza kwa nini mvutano ni dhaifu mno kuliko kani nyingine.

Sasa rudi nyuma, kwenye joto kali la mwanzo wa ulimwengu, kama nadharia hii inavyousimulia. Utando wa pili, ule tunaokaa sisi, haukuwapo. Mahali pake palikuwa na upeo wa shimo jeusi, yaani mpaka ambao kilichouvuka hakirudi. Ulimwengu ulipopoa, utando ulilazimika kutokea, na ulitokea kwa viputo: ndani ya kiputo utando upo, nje bado ni upeo.

Wanafizikia Creminelli, Nicolis na Rattazzi walipopiga hesabu ya mabadiliko hayo mwaka 2001, walikuta viputo vinazaliwa kwa shida. Maji safi yaliyotulia hushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda, kisha yakaganda ghafla. Ndivyo ilivyo hapa, ila kwa kiwango cha kutisha. Kucheleweshwa kukizidi, anga hutanuka upesi kuliko viputo vinavyoweza kukutana, na mabadiliko hayakamiliki kamwe. Nadharia nyingi za aina hii hufia hapo.

Zinazosalia ndizo ninazozipenda. Nishati ya ombwe, ile ya anga tupu yenyewe, imekwisha kulizidi joto, viputo ni vichache na vikubwa, kuta zake zinakwenda karibu na kasi ya mwanga. Kiputo kimoja cha duara kamili hakitoi wimbi lolote la mvutano, yaani mtikisiko wa anga lenyewe, hata kiwe kikubwa vipi. Sharti vigongane. Na vilivyochelewa hugongana kwa kishindo kikubwa zaidi, kwa masafa ya chini zaidi.

Leo mawimbi hayo yangefika yakiwa na masafa ya karibu milihezi, yaani elfu moja ya hezi. LIGO, kipokezi cha mawimbi ya mvutano kilichoko ardhini, haiwezi kuyasikia, kwani mtetemo wa ardhi huyafunika. LISA, vyombo vitatu vitakavyoachana kilomita milioni 2.5 angani, imekusudiwa masafa hayo hasa. ESA, shirika la anga la Ulaya, iliipitisha Januari 2024. Chembe ya Higgs tuliyoipima ni nzito kiasi kwamba Modeli Sanifu, nadharia ya kawaida ya chembe zinazojulikana, haitoi viputo kabisa, hivyo kishindo chochote cha namna hii kingekuwa habari mpya. Kwanza, hata hivyo, itabidi kuondoa mvumo wa vibete vyeupe, yaani masalia ya nyota zilizokufa, vinavyozungukana kwenye galaksi yetu, maana navyo vinavuma masafa hayohayo.