Carry On Cruising: bahari iliyojengwa studio

Meli ya Carry On Cruising, filamu ya vichekesho ya Uingereza ya 1962 katika mfululizo wa Carry On, inaitwa Happy Wanderer na inazunguka Mediterania, ila waigizaji wenyewe hawakusafiri. Sitaha, baa, jiko na vyumba vya abiria vilijengwa ndani ya studio za Pinewood, Buckinghamshire, magharibi ya London, bara kabisa, na kazi ikafanyika Januari na Februari, katikati ya baridi. Picha za meli ikikata maji zilipachikwa kwenye uhariri.

Ukitaka kuona mshono, tazama glasi. Katika meli halisi inayoyumba, kinywaji hubaki sawa na bahari wakati meza inalala upande, kwa hiyo huonekana kimepanda ukingo mmoja. Seti ikisimama palepale na kamera peke yake ikainamishwa, kinywaji kinabaki sambamba na meza. Mwigizaji anaweza kupepesuka vizuri kiasi gani, glasi itamsaliti. Kisha tazama vivuli: jua hutoa kivuli kimoja, taa za studio hutoa viwili au vitatu. Na upepo! Sitahani haulali, lakini studio feni isipowashwa, hata unywele hautikisiki.

Hayo hayaiangushi filamu hii, kwa sababu kichekesho chake hakiishi baharini. Kinaishi katika ufinyu. Nahodha Crowther, anayechezwa na Sid James, anakuta mabaharia wake watano muhimu wamebadilishwa kabla ya safari, na hakuna pa kukimbilia wala pa kuwafukuzia. Mpishi mpya, Haines, analevywa na bahari. Mtu wa namna hiyo kumweka mbele ya masufuria ya mafuta ni kichekesho tayari kabla hajafungua mdomo. Lance Percival aliichukua nafasi hiyo baada ya mwigizaji Charles Hawtrey kukosana na watayarishaji kuhusu mpangilio wa majina ya waigizaji, na Dilys Laye aliingia dakika za mwisho Joan Sims alipougua. Laye hasa anastahili sifa kuliko anazopewa.

Mswada ni wa Norman Hudis, wa sita na wa mwisho kwake katika mfululizo huu. Mwongozaji ni Gerald Thomas, mdogo wake Ralph Thomas aliyeongoza Doctor at Sea, kichekesho kingine cha melini, mwaka 1955. Watayarishaji wa filamu hizo mbili, Peter Rogers na Betty Box, walikuwa mume na mke. Ukizitazama zikifuatana utaona ukoo.

Sasa nakala za kutazama. Filamu hii ndiyo Carry On ya kwanza ya rangi, kwa Eastmancolor, aina ya filamu ya kupigia picha ambayo hubeba rangi zote katika ukanda mmoja. Unafuu wake ulikuwa mkubwa, lakini nakala za sinema za zama zile huchujuka: samawati hutangulia kupotea, picha ikabaki ya waridi. Kipimo ni sare nyeupe ya nahodha. Ikiwa imekuwa ya waridi, iache, tafuta nakala iliyosafishwa.

Angalia pia dakika. Filamu ni ya dakika 89. DVD ya Ulaya ya mfumo wa video wa PAL huonyesha kama 85, na hapo hakuna kilichokatwa: picha 24 kwa sekunde zimeendeshwa 25. Sauti nazo hupanda kidogo, na anayeonewa zaidi ni Sid James, maana kile kicheko chake cha kukwaruza kinataka uzito wake wote.