Kigingi cha Tongoni

Ijumaa ya tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulipatwa wote kwa saa 1 na dakika 43, na karne hii nzima haina kupatwa kwingine kwa mwezi kutakakoufikia muda huo. Usiku huohuo Mirihi ilikuwa upande wa mbingu unaolikabili jua, iking'aa kuliko Mushtarii, nyuzi kama 6 kusini mwa mwezi. Mimi na mpwa wangu tulikuwa Tongoni, nje ya mji wa Tanga, njia ya Pangani, kwenye uwanda ulio kati ya magofu na mikoko. Tulibeba kamera moja, lenzi mbili, saa ya ukutani na mbao mbili zilizoshikanishwa kwa bawaba.

Mbao zile ndizo zilizobeba kazi yote. Mwezi mpevu unang'aa mno: tundu la lenzi f/8, wepesi wa kamera kuhisi mwanga (ISO) 100, na muda wa sekunde 1/250 vinatosha. Ukishapatwa wote mwanga wake hupungua maelfu ya mara, na kwa f/5.6 na ISO 800 unadai sekunde 2 hadi 4. Sasa, kwa lenzi ya milimita 300 kwenye kamera yangu, anga husogea karibu pikseli 5, yaani vitone 5 vya picha, kila sekunde. Sekunde 4 ni pikseli 20 hivi, na mwezi wenyewe upana wake ni pikseli kama 600 tu. Madoa yake yote yanavurugika. Kupandisha ISO hadi 6400 kungeshusha muda hadi nusu sekunde, lakini chembechembe za ISO kubwa hula zile rangi hafifu za kivulini, na rangi hizo ndizo zilizotutoa mjini. Kwa hiyo kamera sharti ifuate anga.

Chombo cha kuifuatisha alikitengeneza fundi seremala wa Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, kwa mninga mkavu. Bolti ya M6, yenye kipenyo cha milimita 6, hupanda milimita 1 kwa kila mzunguko. Ikikitwa milimita 228.5 kutoka katikati ya pini ya bawaba, na ikazungushwa mzunguko 1 kwa dakika, ubao wa juu hufunguka kwa mwendo uleule wa nyota. Kipimo hicho hutokana na kwamba anga hukamilisha duara kwa dakika 1,436, si 1,440 za saa zetu. Jihadhari dukani: bolti ya robo inchi inafanana sana na M6, ila ile hupanda milimita 1.27 kwa mzunguko, nayo hutaka kukitwa milimita 290 kutoka kwenye pini. Ukizichanganya, chombo kitakwenda kasi isiyo yake na hutajua kosa liko wapi. Ncha ya bolti tuliipiga tupa ikawa mviringo, na pale inaposukuma ubao wa juu tukagongomea kipande cha chuma ili isichimbe mti. Kichwani tukaibana kwenye kisahani cha mbao cha kipenyo cha sentimita 20 chenye alama 60. Ukingo wa kisahani hicho hutembea sentimita 1 na kidogo kwa sekunde, mwendo ambao kidole kinaweza kuufuata huku jicho likiangalia mshale wa saa. Kuzungusha robo kila sekunde 15, kama wengine wanavyofanya, hakufai kwa lenzi ndefu: robo moja ni mruko wa pikseli zaidi ya 70.

Bawaba hukaa upande wa magharibi na bolti upande wa mashariki, ikiinua. Pini ya bawaba hulenga ncha ya kusini ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Hapa ndipo Tanga inapompendelea mpiga picha. Tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, basi ncha hiyo iko nyuzi 5 tu juu ya upeo wa macho, na ubao unalala karibu bapa. Chini ya mwisho wa kusini wa ubao wetu wa sentimita 30 tulisukumia kabari ya sentimita 2.6, yakaisha. Hakuna haja ya tripodi ndefu. Ubao ulikaa juu ya meza fupi, miguu imezikwa mchangani, na kusi iliyovuma tangu alasiri haikuutikisa.

Ubaya wake ni kwamba ncha hiyo haina nyota ya kuonekana, na kimo cha nyuzi 5 juu ya bahari kimejaa ukungu wa chumvi. Kusini lazima uipate mchana. Dira ya simu siiamini karibu na chuma. Njia safi ni kivuli: unatundika timazi, unangoja jua lifike kileleni, kivuli cha uzi kinalala kaskazini-kusini barabara. Julai jua letu liko kaskazini, kwa hiyo kivuli huelekea kusini. Saa 6 kamili mchana tulichora mstari, tukaurefusha kwa uzi mpaka mita 1, tukakita kigingi.

Saa 3 usiku, kabla kivuli cha dunia hakijaugusa mwezi, niliifungia kamera kwenye ubao nikapiga Mirihi kwa sekunde 30. Kwenye skrini ilitoka mstari wa zaidi ya pikseli 20. Nikaangalia bawaba kama imelegea, haikulegea. Nikarudia na kijana akizungusha kwa uangalifu zaidi, mstari ukatoka uleule, upande uleule. Mkono ukikosea mistari hutofautiana. Huu ulikuwa mmoja, basi kosa lilikuwa la mwelekeo.

Mpwa wangu ndiye aliyelitambua. "Mjomba," akasema, "tulipochora ule mstari adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa. Jua lilikuwa halijapinduka."

Ni kweli tupu. Saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45, na Tanga iko kwenye 39, hivyo jua linatufikia dakika 24 nyuma ya saa. Mwishoni mwa Julai huchelewa dakika 6 nyingine na nusu kwa sababu ya mwinamo wa mhimili wa dunia na mwendo wake wa kulizunguka. Zawali ya siku ile, yaani jua kufika kileleni, ilikuwa saa 6:30, ndiyo maana muadhini hunyanyua sauti baada ya hapo. Na jua likiwa juu vile, nusu saa si jambo dogo: kivuli cha saa 6 kamili kilikuwa nyuzi 17 nje ya kusini. Nimewahi kusoma maelekezo mengi yanayosema "saa sita mchana" na kuishia hapo. Hayo yameandikiwa watu wa mahali pengine.

Uzuri wa kosa lenye kipimo ni kwamba hurekebishika gizani. Kabla ya zawali kivuli huangukia magharibi ya kusini, na nyuzi 17 kwa umbali wa mita 1 ni sentimita 31. Tukang'oa kigingi, tukakisogeza sentimita 31 mashariki kwa rula ya shule, tukageuza ubao ufuate uzi mpya. Kuhakikisha, nilinyoosha mkono kwenye Msalaba wa Kusini, uliokuwa chini upande wa kusini magharibi, nikaurefusha mhimili wake mara 4 na nusu. Ukaangukia juu ya kigingi. Mirihi ya sekunde 30 ikatoka tone.

Umande ulikuja saa 4. Soksi yenye mchele uliopashwa moto, ikifungwa kwenye shingo ya lenzi, huuzuia kwa saa nzima.

Saa 4:30 mwezi ukazama wote kivulini, na Njia ya Maziwa ikajitokeza katikati ya usiku wa mbalamwezi. Kwa macho ule wekundu ulikuwa kama wa sufuria kuukuu ya shaba. Picha za sekunde 4 ziliuonyesha mpana zaidi: katikati damu ya mzee, pembeni chungwa, na dakika chache za mwanzo utepe mwembamba wa samawati kwenye ukingo. Wekundu ni mwanga wa machweo na mapambazuko ya dunia nzima uliopindwa na hewa yetu. Samawati ni mwanga uliopita juu zaidi, kwenye ozoni inayomeza wekundu. Anayekoleza rangi kwenye kompyuta ili mwezi uwe mwekundu wa kupigia kelele huufuta utepe huo kwanza, na mimi nauona kuwa hasara kubwa kuliko picha kukosa wekundu.

Katika picha 40, zilizotoka kali ni 11. Nyingi za zilizoharibika ni zile nilizopiga bila kuiwekea kamera ingoje sekunde 2 baada ya kubonyezwa, mtikisiko wa kidole utulie.

Saa 6:13 ukingo wa mashariki ukawaka ghafla, mweupe. Nikashusha muda hatua kwa hatua kurudi 1/250, nikamwambia kijana apumzike, kufuata anga hakuhitajiki tena. Akaitikia, macho yakiwa kwenye mshale wa saa, na kidole chake kikaendelea kuzunguka na kisahani, sentimita moja kwa sekunde, mpaka bolti ilipokwisha meno.