Kompyuta imenirudisha kwenye kazi niliyoacha

Ndugu zangu, nimetoka zamu ya usiku na sijalala. Barua iko mezani tangu wiki tatu zilizopita, na leo ndiyo nimepata nguvu ya kuieleza.

Inasema kaya yangu ina kipato kinachozidi kiwango, kwa hiyo SNAP, msaada wa chakula wa serikali ya Marekani ambao wazee wa hapa Ohio bado wanauita kuponi za chakula, inasitishwa. Sababu ni kwamba taarifa za ajira zinaonyesha nina waajiri wawili. Wa kwanza ni wakala wa kutunza wazee, na kweli ndiko niliko. Wa pili ni ghala nililokuwa nabeba maboksi hadi Machi, mgongo uliponishinda.

Sikudanganya mtu. Nilijaza fomu mwenyewe, nikaandika siku niliyoacha, nikaambatanisha slipu za mshahara za kazi mpya. Niliingia nchi hii 2017 kwa bahati nasibu ya viza, nikasubiri miaka mitano ambayo sheria inamtaka mtu mzima mwenye grini kadi asubiri, na muda wote huo watoto wangu wawili tu ndio waliohesabiwa. Nimefuata kila hatua. Halafu naandikiwa kama mtu aliyeficha mshahara.

Kinachofanyika ni hiki. Ukiomba, namba yako ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii wanayokutambua nayo kazini, inapitishwa kwenye kumbukumbu za ajira za aina mbalimbali. Kuna orodha ya taifa ya walioajiriwa upya, iliyotokana na sheria ya 1996, na lengo lake hasa lilikuwa kuwapata wazazi wanaokwepa matunzo ya watoto. Mwajiri ana siku 20 za kuripoti mtu mpya. Kuna taarifa za mishahara za kila robo mwaka, zinazokusanywa kwa ajili ya bima ya wasio na kazi, nazo zinafika zikiwa zimechelewa kwa miezi. Na kuna kampuni binafsi zinazopokea taarifa za malipo moja kwa moja kutoka kwa waajiri, kisha serikali za majimbo zinazilipa ili kuziona.

Sasa angalieni. Kuingia kazini kunaripotiwa kwenye orodha ya taifa ndani ya siku 20. Kuacha kazi hakuna siku 20. Na kwa kampuni binafsi, mwajiri asipotuma kwamba umeondoka, wewe bado ni mfanyakazi wake hata kama hujakanyaga pale tangu masika.

Hesabu yenyewe iliniumiza zaidi. Hundi yangu ya mwisho ya ghalani ilikuwa dola 1,640, kwa sababu walinijumlishia siku za likizo nilizokuwa sijazichukua. Kanuni inasema malipo ya kila wiki mbili yazidishwe kwa 2.15 ili kupata ya mwezi. Wakazidisha. Ikatoka dola 3,526 kwa mwezi, pesa ambayo sijawahi kuishika katika maisha yangu, ikawekwa juu ya mshahara wangu halisi wa sasa. Kikomo kwa kaya kama yetu ni asilimia 130 ya mstari wa umaskini. Ghala peke yake lilishanivusha.

Mliopo kijijini mnajua majina ya kaya za TASAF, mfuko wa Tanzania wa kusaidia kaya maskini, yanavyosomwa mkutanoni. Aibu ipo na fitina ipo. Lakini mtu akisema huyu mama ana kazi mjini, jirani atasimama palepale: aliacha, yuko hapa nasi. Huku hakuna anayekusimamia. Kuna skrini, na anayeisoma hajawahi kukuona.

Na msidhani italegea. Kwa sheria ya Julai 2025, kuanzia mwaka wa fedha 2028 jimbo ambalo makosa yake ya malipo yanafika asilimia 6 litabeba sehemu ya gharama za chakula. Kulipa zaidi ni kosa, kulipa pungufu pia ni kosa. Lakini mtu aliyestahili akakatiwa kabisa haingii kwenye asilimia hiyo. Anahesabiwa pembeni. Ofisi ikiwa na shaka, unafikiri itaegemea wapi?

Kwa hiyo mnaojiandaa kuja, na nyie mliofika juzi, shikeni hili. Ukiacha kazi usiondoke kimyakimya kama tulivyozoea. Omba barua yenye tarehe ya siku ya mwisho, na utunze hundi ya mwisho pamoja na mchanganuo wake. Barua ya kukatiwa ikija, usikae ukilia. Una siku 90 za kuomba kusikilizwa, lakini ukiomba mapema, ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua, chakula kinaendelea hadi uamuzi utoke. Ukishindwa utadaiwa kurudisha, kwa hiyo uwe na haki kweli. Na kampuni zile za taarifa zinabanwa na sheria ya 1970 ya taarifa za wateja: unaweza kudai nakala ya ripoti yako na kuipinga, nao wana siku 30 za kuchunguza. Mimi nimekaa hapa miaka yote hii bila kujua kwamba nina ripoti.

Aliyeniokoa ni msimamizi wangu wa zamani ghalani, mzee ambaye tulikuwa hatuzungumzi zaidi ya salamu. Nilimpigia saa mbili usiku nikitetemeka. Aliniambia nisikate simu, akaiandika barua huku namsikia akibonyeza vitufe: tarehe ya mwisho, malipo ya mwisho, kiasi cha likizo ndani yake. Hakuniuliza ya nini. Siku ya pili niliipeleka ofisi ya kaunti kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa.

Leo asubuhi wamenipigia. Wamefuta barua yao, kadi ya EBT, ile ya kununulia chakula cha SNAP, itajazwa kama kawaida. Nilishukuru, kisha nikafungua ripoti yangu. Kwenye ghala bado imeandikwa niko kazini. Pingamizi nimelituma, siku 11 zimepita, na ofisi itanihakiki upya Novemba.