Maji ya Dodoma huja kwa mkupuo, na fedha yake vilevile

Dodoso tunalotembea nalo vijijini lina maswali 12 juu ya maji. La kwanza linauliza kama mtu aliingiwa na wasiwasi kwamba maji hayatatosha. La mwisho linauliza kama katika wiki nne zilizopita yeye au mtu wa kaya yake aliona aibu kwa sababu ya maji. Wanaume wengi hulijibu hilo la mwisho papo hapo: hapana. Wanawake huvuta muda. Mama mmoja wilayani Bahi aliniambia kuwa mwezi ule walikuwa wamefiwa. Waombolezaji wamejaa uani, chakula kimeiva, na maji ya kunawa mikono hakuna. Akatuma watoto kwa majirani, wakarudi na nusu dumu. "Mama mkwe nimemlilia, mwanangu, nikanyamaza. Ile nusu dumu bado inaniuma." Kwenye kishikwambi changu, aibu ya mara moja ni pointi moja.

Kipimo hiki kilitengenezwa na watafiti wa nchi nyingi wakiongozwa na Sera Young wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kikachapishwa mwaka 2019 baada ya kujaribiwa sehemu 28 katika nchi 23. Singida na Morogoro zimo. Kila jibu hupewa kuanzia 0 hadi 3, jumla 36, na kaya ikifika 12 inahesabiwa kuwa haina uhakika wa maji. Nakithamini kwa sababu kinamuuliza anayebeba ndoo. Takwimu zetu za siku zote huhesabu mabomba. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 toka nyumbani kwake, kituo kimoja kwa watu 250. Ni vipimo vizuri, sivipingi. Lakini kijiji cha huyu mama kina kisima kirefu, kina tangi juu ya mnara, kina vilula, na kwa mita zile 400 kimefaulu kabisa. Kwenye karatasi kina maji.

Mimi nimezaliwa Dodoma. Mvua zetu ni za msimu mmoja, milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka mzuri, zikianza Desemba au mwishoni mwa Novemba na kukatika Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kitupu. Kwa hiyo nilipoanza kazi hii nilidhani naijua shida yenyewe: mvua haitoshi. Siku hizi naiona kwa namna nyingine, na aliyenifungua macho ni mhazini wa chombo cha watumia maji, yaani umoja wa wanakijiji unaoendesha mradi wa maji, katika kijiji kimoja, mama wa makamo ambaye hesabu zake ziko kwenye kauntabuku lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Aliniruhusu nilipekue. Kurasa za Agosti mpaka Novemba zimejaa hadi pembeni: tarehe, kilula, madumu, fedha, saini. Ukifika Januari mistari inaanza kupungua. Machi unakuta siku nzima imeandikwa mstari mmoja tu. Nikamuuliza kama wahudumu wa vilula walikuwa wanaficha mapato. Akasema hapana, kifuku watu hawanunui maji. Wanakinga bati, wanachota kwenye madimbwi, wanateremka korongoni. Nani atoe shilingi 50 kwa dumu wakati mvua inamwagika mlangoni? Na maji ya kisima chao yana chumvi, mlenda haulainiki kama wa maji ya mvua, kwa hiyo hata mwenye fedha anayakimbia kwa miezi hiyo.

Sasa ona kinachofuata. Kifuku chombo hakina mapato, lakini mlinzi analipwa. Kiangazi fedha inaingia kwa wingi, na papo hapo inatoka kwa dizeli, na kidogo kinachobaki kinaazimwa na shughuli nyingine za kijiji, mchango huu na mchango ule, kwa ahadi ya kurudishwa. Pampu inafanya kazi saa nyingi zaidi Septemba na Oktoba, na ndipo inapokufa. Fundi anatoka mjini na bei yake. Mwenyekiti anaitisha mkutano wa kuchangishana wakati maghala yameshaanza kuonyesha sakafu. Wiki zinapita. Ndizo wiki ambazo mtafiti akifika anakuta pointi 20 na kitu katika kaya iliyo jirani kabisa na kilula.

Katika wiki hizo wanawake wanarudi korongoni. Nimekaa nao pale. Korongo ni kavu, mchanga mweupe unaunguza nyayo, na kila mama ana shimo lake alilolizungushia miiba ili ng'ombe wasilivuruge. Anaingia mpaka kifuani, anachota yale machafu ya juu kwa kata na kuyamwaga pembeni, halafu anasubiri. Maji yanachuruzika kutoka ukutani mwa mchanga, taratibu, kata moja, nyingine. Kadiri kiangazi kinavyosogea shimo linaongezwa kina. Wanajua mahali pa kuchimba kuliko mwanajiolojia yeyote niliyewahi kuandamana naye: kwenye kona ya korongo, upande ambao mwamba uko karibu na unazuia maji yasiteremke. Huo ni ujuzi wa kuhimili ukame ambao umekuwepo kabla ya mradi wowote wenye jina hilo, na inaniudhi kuona taarifa za miradi zikiuandika kama dalili ya umaskini tu.

Kilichonisaidia kuunganisha mambo haya ni utafiti wa Makutupora, kaskazini mwa jiji, kwenye visima vinavyoinywesha Dodoma. Pale kina cha maji ya ardhini kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London (UCL), Uingereza, na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha rekodi hiyo ya miaka 55. Ukiitazama kwenye mchoro, miaka mingi mstari unashuka tu, pole pole. Mvua ya kawaida inanywewa na jua na mimea kabla haijafika chini. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, mstari unapanda ghafla, halafu unaanza tena kushuka kwa miaka. Kupanda kukubwa kuliko kote kulitokana na El Niño ya 1997/98. Utafiti mwingine wa 2021, ambao Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) ni mmoja wa waandishi wake, ulionyesha maji hayo yanaingilia wapi hasa: chini ya mito ya msimu kama Kinyasungwe Mdogo, kupitia mchanga wa makorongo, mafuriko yanapopita.

Sisi tunaikumbuka El Niño kwa madaraja yaliyokatika na reli iliyosombwa. Hatuikumbuki kama mwaka ambao akiba ya maji ilijazwa. Na ukishaelewa hilo, kauntabuku la yule mama na mchoro wa Makutupora vinasema jambo moja: huku kwetu maji yanakuja kwa mkupuo, fedha ya maji nayo inakuja kwa mkupuo, na sisi tumejenga utaratibu unaodhani vyote viwili vinatiririka sawasawa mwaka mzima.

Watabiri wa tabianchi wanatuambia ukanda huu utegemee mvua zinazonyesha kwa nguvu zaidi zikinyesha, na joto linaloongeza kiu ya ardhi. Kwa mtu wa Dodoma swali la kwanza liwe: mvua kubwa ijayo ikija, itakuta nini? Mimi naona itakuta mchanga umepungua. Jiji limekua kutoka watu 410,956 katika sensa ya 2012 hadi 765,179 ile ya 2022, kwa sababu Serikali ilihamia kweli, na kila nyumba mpya inataka mchanga. Malori yanateremka kwenye makorongo yale yale. Kijiji kinapata ushuru wa lori, na mama aliyekuwa na shimo lake anapata mwamba mtupu. Katika vikao nilivyohudhuria, suala la mchanga liko chini ya mapato na suala la maji liko chini ya huduma za jamii, na sijaona ajenda moja inayoyaweka pamoja. Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu mchanga ule ndio tangi lenyewe.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ilianzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, na inavipa vyombo vya watumia maji hadhi ya kisheria: katiba, akaunti ya benki, watendaji wa kulipwa. Ni hatua kubwa ukilinganisha na zile kamati za zamani zilizokuwa zikivunjika kila uchaguzi unapopita. Hadhi hiyo itumike. Katiba ya chombo inaweza kuandika kwamba sehemu fulani ya mapato ya kila mwezi wa kiangazi inafungwa kwenye akaunti ya matengenezo tu, haiguswi kwa dizeli wala kwa mchango wowote, na pampu inakaguliwa Mei, watu wakiwa wametoka kuvuna na wana fedha mkononi, badala ya kusubiri ife Oktoba. Katiba hiyo hiyo inaweza kutaja makorongo ambayo lori haliingii. Na fedha za mabadiliko ya tabianchi zinazotafutwa kwa nguvu huko juu, chache tu zikishuka, zijenge kuta za kuzuia mchanga, kama wenzetu wa Kitui nchini Kenya walivyofanya kwa miaka mingi, mafuriko yapite polepole na kushuka chini.

Mhazini alilipeleka wazo la kufunga fedha kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Wazee wawili walipinga: fedha ikikaa bila kazi italiwa, wakasema, na wana sababu, maana imewahi kuliwa. Kijana mmoja wa bodaboda akapendekeza salio lisomwe hadharani kila mwezi palepale kwenye kilula, mbele ya foleni. Mabishano yakawa marefu. Mwishowe wakakubaliana kujaribu kwa kiangazi kimoja, na hesabu ya kwanza itasomwa Agosti.