Nilivyoweza kufanya uhandisi wa protini nikiwa Dodoma

Niliporudi Dodoma na shahada ya uzamivu, wenzangu waliniuliza swali moja: kazi hiyo ya kubadilisha protini utaifanyia wapi? Walikuwa na haki ya kuuliza. Kwa miaka mingi, kujua umbo la protini kulitaka fuwele na mionzi mikali ya eksirei, na mitambo mikubwa ya mionzi hiyo, kama Diamond ya Uingereza au ESRF ya Grenoble, Ufaransa, Afrika hatuna hata mmoja. Naandika haya kwa sababu vijana wa biokemia huniuliza kila mara kama ni lazima wahame nchi. Mimi sikuhama.

Nilianza kwa kuchagua tatizo la hapa hapa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, na ukipika chakula haiondoki. Nikachagua lakasi, kimeng'enya chenye atomi 4 za shaba, ambacho huweza kuivunja lakini taratibu mno. Kazi yangu ni kubadilisha asidi za amino chache, yaani vipande vinavyoijenga protini, ndani yake ili kiongeze kasi.

Umbo la kuanzia lilipatikana bure. Benki ya Data ya Protini, hifadhi ya maumbo ya protini mtandaoni, ipo tangu 1971 na mtu yeyote anaruhusiwa kupakua. Kisha ikaja AlphaFold, programu ya akili bandia inayokadiria umbo la protini, ambayo kufikia 2022 ilikuwa imetoa makadirio ya maumbo zaidi ya milioni 200, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walioongoza kuiunda wakapata Nobel ya Kemia pamoja na David Baker, mbunifu wa protini mpya. Kwangu hilo lilikuwa na maana ya kila siku: jioni, kwa kompyuta mpakato na bando la intaneti, naweza kulizungusha shimo la kimeng'enya, pale kinapovunjia sumu, na kuamua niguse wapi. Lakini nawasihi vijana wasiishie kwenye kioo cha kompyuta. AlphaFold niliyoanza nayo haikuonyesha zile atomi za shaba, na picha nzuri haikwambii kimeng'enya kitafanya kazi kwa kasi gani. Lazima ukitengeneze.

Jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho, tunaiagiza nje, inakuja ikiwa imekaushwa ndani ya kichupa, haihitaji barafu njiani. Tunaiingiza kwenye bakteria wa Escherichia coli. Hapo ndipo joto la Dodoma linapotusumbua. Ukiwakuza kwa nyuzi 37 hadi mwisho, wanazalisha protini haraka kupita kiasi, inashindwa kujikunja vizuri na inaganda mabonge yasiyofaa. Inatakiwa uwashushe hadi nyuzi 18, na mashine yetu ya kutikisa haina kipoozeo. Tukaihamishia kwenye chumba kidogo, tukaziba madirisha, tukaweka kiyoyozi kwenye 18 usiku kucha, jenereta ikisubiri nje. Tunaongeza chumvi ya shaba, kisha tunazima mtikiso, kwa sababu hewa ikipungua bakteria hawa huingiza shaba nyingi zaidi kwenye lakasi.

Asubuhi moja mwanafunzi wangu aliniita, "Dokta, njoo uone." Kwenye safu ya nikeli, mrija wenye chembe za nikeli zinazonasa protini yetu, tunayotumia kusafishia palikuwa na mkanda wa bluu. Rangi hiyo hutoka kwenye shaba iliyokaa mahali pake, kwa hiyo hata kabla ya kipimo chochote tulijua protini imejikunja. Nilifurahi kupita siku niliyovaa joho.

Eksirei bado tunategemea washirika wa Ulaya. Fuwele tunazikuza wenyewe, wao wanapiga mionzi, data inarudi kwa intaneti na uchambuzi tunaufanya hapa. Sioni unyonge wowote katika hilo, maana hata maabara za nchi tajiri huomba zamu kwenye mitambo ile ile.

Sasa tuna toleo linalovunja sumukuvu haraka kuliko lakasi ya asili. Kabla ya kulipeleka mbele tunapima mabaki ya sumu iliyovunjwa, kwa kuwa nayo yanaweza kudhuru. Yakithibitika kuwa salama, tutaanza na mashudu ya karanga yanayolishwa kuku, kisha ndipo tufikirie chakula cha watu.